Kamomaili Dodoma: mwongozo kamili kwa aliyesia mara mbili na hajaona mche

Kila Januari napokea ujumbe uleule, anayebadilika ni mtumaji tu: "Mvua zimekuja, nimepanda kamomaili, leo siku ya kumi na tano, hakuna kitu. Mbegu ni feki?" Nami huuliza swali moja: ulizifukia? "Kidogo tu, kama mchicha."

Basi. Mbegu haikuwa feki. Umefanya kama tulivyozoeshwa na uwele, mtama na alizeti: ngoja mvua ya Desemba, chimba, fukia. Kamomaili, mmea ambao maua yake hukaushwa na kunywewa kama chai, inataka kinyume chake mara mbili. Inasiwa mvua zikiaga, na mbegu yake haifukiwi kabisa. Kosa la tatu linawangoja wale waliofanikiwa kupata maua, wakayaanika juani kama mlenda. Tutafika huko.

Mwongozo huu ni wa bustani ya nyumbani, mita 1 hadi 4 za mraba. Anayewaza ekari amalize kwanza msimu mmoja wa ungo mmoja.

Andaa hivi kabla hujagusa mbegu

- Mbegu gramu 1. Usinunue zaidi. Gramu moja ina maelfu ya mbegu, na zikikaa miaka hupoteza nguvu.
- Trei au beseni bapa la kina cha sentimita 6 hivi, lililotobolewa matundu chini.
- Karai pana kuliko trei.
- Mchanga laini wa mtoni, udongo wa juu, na mboji au samadi ya mbuzi iliyooza kabisa. Vyote vichekechwe.
- Chupa ya kupulizia maji, ile ya wanaonyoosha nguo inafaa.
- Nailoni angavu ya kufunikia trei.
- Maji matamu dumu moja au mawili.
- Nyungo mbili safi, kanga nyepesi, na chupa za kioo zenye vifuniko vinavyobana.

Kuhusu maji: visima vingi vya huku kwetu vina maji ya chumvichumvi. Mmea wa kamomaili uliokomaa unavumilia chumvi kuliko mboga nyingi, lakini mbegu inayoota haivumilii. Kwa hiyo trei ipate maji ya bomba yasiyo na chumvi au ya mvua uliyokinga Aprili. Ya kisima yaache kwa ajili ya bustani baadaye.

Hatua ya 1: Jua unanunua kamomaili ipi

Zipo mbili zinazohusika, na pakiti nyingi haziwi wazi. Soma jina la kisayansi, si picha.

Ya kwanza ni kamomaili ya Kijerumani, *Matricaria chamomilla*. Hii ni ya msimu mmoja, inasimama wima hadi sentimita 60 hivi, majani yake ni membamba kama ya shamari, na inatoa maua mengi. Ndiyo inayojaza pakiti nyingi za chai. Kwa Dodoma nunua hii. Ukikuta pakiti imeandikwa 'Bodegold', ni aina iliyozalishwa kwa ajili ya maua makubwa, chukua.

Ya pili ni ya Kirumi, *Chamaemelum nobile*. Hii hudumu miaka kadhaa, hutambaa chini kama zulia, na chai yake ina uchungu zaidi. Inapenda ubaridi na unyevu, yaani vitu viwili ambavyo Oktoba ya Dodoma haina. Ukiitamani, iweke kwenye chungu kivulini, ujue unafuga mgonjwa. Na mtu akikuuzia "mbegu" za aina ya 'Treneague' kwa ajili ya kapeti la bustani, mrudishie. Aina hiyo haitoi maua, huzalishwa kwa vipande vya mmea.

Onyo kubwa liko hapa. Ua jeupe lenye moyo wa njano halitoshi kuwa kamomaili. Pareto inayolimwa Mufindi na nyanda za juu kusini inafanana nayo kwa mbali, na pareto ni malighafi ya dawa ya kuua wadudu. Pia kuna kile kimmea kinachotambaa pembeni ya barabara kila mahali, chenye petali chache nyeupe zilizochanjwa meno matatu nchani. Nimeshaletewa ungo mzima wa hicho na mama mmoja aliyefurahi sana, ikabidi nimpe habari mbaya.

Kipimo ni hiki: pasua ua katikati kwa kisu kuanzia juu hadi kikonyo. Kamomaili ya Kijerumani ina moyo uliochongoka kama chungu kilichofunikwa kifudifudi, na ndani yake ni tupu, kuna uwazi. Ya Kirumi imejaa. Pareto nayo imejaa, na moyo wake ni bapa. Kisha pondaponda ua vidoleni: harufu iwe tamu, inayokaribia tufaha. Usipopata uwazi na harufu, usinywe.

Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa baridi, si kwa mvua

Sia kati ya wiki ya mwisho ya Aprili na katikati ya Mei. Ukichelewa sana, mwisho wako ni mapema Juni.

Sababu ni joto. Mbegu hii huota vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20, na mmea hutoa maua mazuri kukiwa na ubaridi. Juni na Julai usiku wa Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na mchana haukaangi. Ikifika Oktoba mchana unapita nyuzi 30, na mmea unaharakisha: maua madogo, mbegu upesi, kufa. Msimu wa mvua nao una tatizo lake. Matone makubwa ya Januari huzifukia mbegu kwa matope au kuzisomba, na maua yanayokuja Machi hayakauki, yanavunda.

Tangu kusia hadi maua ya kwanza hesabu wiki 8 hadi 10. Aliyesia tarehe 5 Mei aanze kuangalia maua mwanzoni mwa Julai. Huo ni wakati ambao hewa yetu ni kavu kiasi kwamba midomo inapasuka, na ukavu huohuo ndio utakaokukaushia maua bure.

Wenzetu wa Kondoa na Mpwapwa kwenye miinuko wana nafasi zaidi kwa sababu kwao ni baridi zaidi. Bahi na Manyoni mshike tarehe zilezile.

Hatua ya 3: Trei

Changanya mchanga sehemu 2, udongo sehemu 1, mboji sehemu 1. Jaza trei ukiacha sentimita 1 juu, sawazisha, kandamiza kwa kipande cha ubao hadi uso uwe laini kama sakafu iliyosilibwa. Uso wenye mabonde humeza mbegu, na mbegu iliyomezwa imefukiwa.

Ondoa mbegu za magugu mapema: chemsha maji, mwagia trei, acha ipoe hadi kesho. Si lazima, ila utanishukuru miche itakapochomoza na kila kitu cha kijani unachokiona ni chako.

Loweka trei kwa kuiweka ndani ya karai lenye maji ya kina cha vidole viwili. Maji yatapanda kwa matundu. Uso ukibadilika rangi ukawa mweusi, itoe, iache ichuruzike. Tangu hapa usimwagie trei kwa juu tena.

Hatua ya 4: Kusia (hapa ndipo wengi wanaanguka)

Chota mbegu kwa ncha ya kijiko cha chai. Changanya na vijiko vitano vya mchanga mkavu ndani ya kikombe, koroga. Mchanga ni wa kukusaidia kuona: mbegu ni ndogo mno kutawanywa peke yake, utaishia kuwa na msitu upande mmoja na jangwa upande wa pili.

Nyunyiza mchanganyiko juu ya trei kama unavyotia chumvi kwenye kachumbari. Nusu ukienda kushoto kulia, nusu ukienda juu chini.

Kisha chukua ule ubao na ukandamize tena, taratibu, mbegu zishikane na udongo. Usiweke udongo juu. Usiweke mchanga juu. Usiweke majani juu. Hata "kidogo tu".

Kwa nini? Mbegu hii inahitaji mwanga ndipo iamke. Na hata ikiamka gizani, akiba ya chakula iliyo nayo ni ndogo kupita kiasi, haitoshi kusukuma chipukizi kupita nusu sentimita ya udongo wa Dodoma, ambao ukikauka unakuwa saruji.

Puliza ukungu mwepesi wa maji, funika kwa nailoni angavu, acha mwanya mdogo upande mmoja wa kupitisha hewa. Weka barazani au chini ya mti mahali penye mwanga mwingi lakini jua la saa sita halifiki. Nailoni ikipigwa na jua kali inageuka sufuria.

Sasa adui ni upepo. Mbegu iko juu, na uso wa trei ukikauka hata kwa mchana mmoja wakati ganda limeshapasuka, kimmea kinakufa na hutajua kama kiliwahi kuota. Nadhani hii ndiyo siri ya nusu ya zile "mbegu feki". Kagua asubuhi na jioni. Uso ukianza kupauka, rudisha trei karaini dakika kumi.

Jambo jingine dogo: sisimizi. Mwaka wangu wa kwanza waliniibia trei nzima nikiwatazama bila kuelewa wanabeba nini. Weka trei juu ya matofali mawili yaliyosimama ndani ya beseni la maji.

*Dalili ya mafanikio:* kati ya siku ya 7 na ya 14 utaona kitu kama vumbi la kijani. Inama uangalie. Ni majani mawili mawili, madogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Siku ya 21 ikipita bila vumbi hilo, ndipo uilaumu mbegu.

Hatua ya 5: Kulea miche

Ondoa nailoni polepole: siku ya kwanza kwa muda wa saa mbili, kesho yake nusu siku, siku ya tatu moja kwa moja.

Punguza miche iliyosongamana kwa kukata na mkasi, usiing'oe, maana mizizi imeshikana. Acha sentimita 2 au 3 kati ya mche na mche. Roho inauma, najua. Fanya.

Miche ikianza kuanguka kama imekatwa shingo karibu na udongo, hiyo ni kinyausi, ugonjwa wa unyevu uliozidi. Punguza maji, ongeza hewa, ondoa iliyoanguka pamoja na udongo wake. Usitie mbolea yoyote ya kukuzia.

Hatua ya 6: Kupandikiza

Hamisha miche ikiwa na urefu wa sentimita 5 na majani manne hadi sita yenye umbo la nyuzi. Ni wiki ya nne hadi ya sita. Mche uliokwisha kutunga kichwa cha ua ukiuhamisha utadumaa, kwa hiyo usiulee kwenye trei ukisubiri "ukomae".

Andaa bustani iliyozama: chimba ushuke sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi, uache kingo, mfano wa jaruba dogo la mpunga kama yale ya Bahi. Tuta lililoinuka linafaa Lushoto. Hapa kwetu linakaushwa na upepo pande zote. Udongo mwekundu wa kichanga unafaa bila tatizo. Ule mweusi wa mbuga unaopasuka uchanganye na mchanga mwingi, la sivyo tafuta mahali pengine.

Samadi iliyooza: ndoo moja ya lita 10 kwa mita 1 ya mraba, mara moja tu. Ukizidisha, au ukitia urea, utapata kichaka kizuri cha majani ya kupigia picha na maua ya kuhesabu. Mmea huu hauhitaji kudekezwa.

Pandikiza jioni, umbali wa sentimita 20 hadi 25, miche 16 hadi 25 kwa mita ya mraba. Mwagilia papo hapo. Siku tatu za mwanzo weka kivuli cha matawi. Upande unaopiga upepo simamisha uzio wa mabua ya mtama au uwele. Upepo wa Agosti hulaza mimea yote chini siku moja kabla hujachuma.

Maji: lita 10 kwa mita ya mraba kila baada ya siku mbili, asubuhi. Weka matandazo ya nyasi kavu. Palilia kwa mkono. Kuku na mbuzi unawajua mwenyewe.

Wadudu mafuta wakitokea, wapulizie maji yenye sabuni ya mche kidogo, na uache siku kadhaa na kusuuza kwa maji safi kabla ya kuchuma. Dawa za dukani usitumie. Ua hili halioshwi wala halimenywi, linaingia kikombeni lilivyo.

Hatua ya 7: Kuchuma

Tazama petali, si ukubwa. Ua changa petali zake zimesimama juu. Lililokuwa tayari zimelala bapa kama sahani. Lililopitiliza zimeinama chini kama mwavuli uliofungwa, na moyo wake unaanza kuwa kahawia. Unachuma ya bapa.

Chuma asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijachoma, tuseme saa tatu hadi saa nne. Mafuta yenye harufu yanakuwa bado humo. Pitisha vidole vilivyoachana chini ya maua kama kitana, vuta juu, kichwa kinakatika bila kikonyo. Weka kwenye kikapu, si kwenye mfuko uliofungwa. Maua yakisongamana yanapata joto na kubadilika rangi ndani ya saa chache.

Rudi kila baada ya siku nne au tano. Kadiri unavyochuma ndivyo yanavyokuja mengine, hadi Septemba joto litakapoyafukuza.

Hatua ya 8: Kukausha bila kuharibu

Jua la Dodoma linakausha nyama, zabibu na mlenda, na tunalipenda kwa hilo. Kwa kamomaili ni hasara. Harufu na sehemu kubwa ya manufaa yake imo kwenye mafuta yanayoruka kwa joto. Ukianika juani, au juu ya bati, jioni una maua makavu mazuri yasiyo na kitu ndani. Joto lisipite nyuzi 35 au 40.

Tandaza ungoni tabaka moja, ua lisilale juu ya ua. Weka chumba chenye madirisha yaliyofunguliwa na kivuli, mbali na jiko la mkaa na dagaa, kwa sababu ua kavu hunyonya harufu. Funika kwa kanga nyepesi dhidi ya vumbi. Usitumie chandarua cha kulalia: vingi vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo hutaki kuinywa.

Geuza kwa kutikisa ungo, si kwa kukoroga. Kwa hewa ya Julai, siku nne hadi saba zinatosha.

*Dalili ya mafanikio:* petali kukauka si kipimo, hizo hukauka siku ya pili. Minya moyo wa njano. Ukisagika kama unga, tayari. Ukijikunja kama sponji, bado. Kisha tia maua chupani, funga, lala. Asubuhi ukiona mvuke kwenye kioo, yarudishe ungoni, maana yakibaki humo yataota ukungu.

Kilo 5 mbichi hutoa kilo 1 kavu, takriban. Kwa hiyo nusu kilo uliyochuma itakuwa gramu 100 hivi, vikombe 30 hadi 50 vya chai. Hifadhi gizani, penye ubaridi, na uandike tarehe. Baada ya mwaka mmoja harufu itakuwa imekwenda.

Hatua ya 9: Kutumia

Hapa mazoea ya chai ya kuchemsha yanatuponza. Kamomaili haichemshwi na maziwa na tangawizi dakika ishirini. Chukua gramu 2 au 3, yaani kijiko kimoja cha mezani kilichojaa, weka kikombeni, mimina maji yaliyotoka kuchemka, funika kwa kisahani dakika 5 hadi 10, chuja. Usipofunika, mafuta yanapaa na mvuke na unaisikia harufu nzuri jikoni badala ya kuinywa.

Watu huinywa kabla ya kulala kutuliza mwili, na baada ya chakula tumbo likijaa gesi. Ikipoa husukutuliwa mdomoni fizi zikiuma, na kitambaa kilicholoweshwa humo huwekwa kwenye ngozi inayowasha. Inasaidia kwa upole, kwa watu wengi, si wote. Haitibu malaria, vidonda vya tumbo wala kisukari, na homa inakwenda zahanati.

Wafuatao wajihadhari:

- Mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti. Kamomaili ni ndugu yake, na mwili unaweza kuwaka vilevile.
- Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Asinywe bila kumuuliza daktari.
- Anayetumia dawa za usingizi, kwa sababu usingizi unaweza kuzidi.
- Mjamzito: amuulize mkunga kwanza.
- Mtoto chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu. Na asali usimtilie mtoto ambaye hajafikisha mwaka, iwe kwenye chai hii au nyingine.
- Macho: usiyaoshe kwa chai ya nyumbani. Si safi kiasi hicho.

Mbegu za Mei ijayo

Mwishoni mwa Agosti chagua mimea mitatu iliyotoa maua mengi, usiichume tena. Moyo ukigeuka kahawia na kubomoka ukiguswa, kata kichwa, kisugue juu ya karatasi nyeupe, puliza makapi polepole sana. Bahasha, jina, tarehe, mahali pakavu.

Na chini ya ile mimea mitatu usilime. Mbegu zilizojiangukia zitalala juu ya udongo, bila kufukiwa na mtu, na mwakani huenda ukakuta zimeota zenyewe kabla hujatoa trei.